Umetoa tyubu ukafunga LED na tanki la matumbawe limeanza kusumbua? Anzia kwenye dalili

Kabla hujaing'oa taa mpya na kabla hujaanza kumwaga madawa kwenye maji, tafuta dalili yako hapa chini uifuate kwa mpangilio, sababu ya kwanza ndo inayotokea sana na ya mwisho ndo adimu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukishusha mwanga, ukabadili maji na ukahamisha matumbawe siku hiyohiyo, likipona hutajua kilichoponya, na likifa pia hutajua kilichoua.

Ila kuna jambo moja la kujua kwanza maana liko nyuma ya malalamiko mengi. Tyubu za fluoresenti huwa zinachoka polepole, baada ya miezi 9 hadi 12 mwanga umepungua na rangi yake imehama, ila we unaishi nayo kila siku kwahiyo huoni. Matumbawe yako yameshazoea tyubu kuukuu. Halafu unakuja na LED mpya, na hapo macho yanakudanganya: mwanga wa bluu wa LED, ule wa nanomita 450 hivi, jicho la mtu linauona hafifu, lakini vile vimwani vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe vinautumia huohuo kutengeneza chakula. Unasimama mbele ya tanki unaona kama kuna kigiza hivi, unapandisha mpaka mia, kumbe wenzako mle ndani wanaungua.

Na zile aplikesheni za simu za kupima lux hazikusaidii hapa, lux imetengenezwa kwa jicho la mtu, bluu inaihesabu kidogo sana. Kinachotakiwa ni kipima PAR, yaani kipimo cha mwanga ambao vimwani vinaweza kuutumia, azima kwa mtu hata kwa siku moja tu. Kwa kawaida matumbawe laini yanaridhika na PAR 50 hadi 150, yale ya mfupa yenye polipu (vinywa vyenye minyiri) kubwa kama Euphyllia 75 hadi 150, na Acropora na wenzake, yale ya mfupa yenye matawi na polipu ndogo, 200 hadi 350. Pima pale tumbawe lilipokaa, sio juu ya maji.

Matumbawe yanapauka au yamekuwa meupe ndani ya wiki mbili za kwanza

Karibu kila mara ni mwanga mkali wa ghafla. Vimwani vikizidiwa na mwanga vinatengeneza sumu ya oksijeni ndani ya nyama, tumbawe linavifukuza ili kujiokoa, na rangi inaondoka navyo. Cheki kirahisi: je, yamepauka upande wa juu tu huku chini kwenye kivuli bado yana rangi? Basi ni taa, usitafute mchawi mwingine.

Shusha nguvu ya taa mpaka asilimia 25 au 30, leo, usisubiri wikendi. Kama taa yako haina sehemu ya kupunguza basi ipandishe juu zaidi ya maji, au weka matabaka matatu ya wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, ule wa plastiki (wa chuma utapata kutu na kudondokea majini), halafu unatoa tabaka moja kila wiki. Kwenye taa za kupunguza, ongeza asilimia 5 kwa wiki. Ndio, inachukua miezi miwili na zaidi. Taa nyingi zina programu ya kuzoesha matumbawe, iwashe, ipo kwa ajili hiyo, ila hakikisha asilimia inayoanzia ni ya chini, maana nyingine zinaanzia 50 na hapo ushachelewa.

Masaa nayo. Kama ulikuwa unawasha tyubu masaa 12, LED ianze na 6 au 7 halafu upande taratibu hadi 8 au 9. Usizime kabisa kwa siku nyingi ukidhani unalipumzisha, tumbawe lililopauka halina akiba na giza linalimaliza.

Mi mwenyewe nilifanya kosa hili kwenye tanki la lita 60. Nilitoa tyubu mbili nyembamba za fluoresenti (T5) Jumamosi, nikafunga LED asilimia 100, nikakaa kwenye kiti naangalia jinsi rangi zinavyong'aa kama disko nikajiona mjanja. Jumatano Euphyllia ikawa kama plastiki nyeupe. Nikadhani imekufa nikataka kuitupa, usiku nikamulika na tochi, nikaona minyiri midogo inayopitisha mwanga kama kioo ikitoka mmojammoja. Nyama ilikuwepo, rangi ndo haikuwepo. Ilirudi baada ya kama miezi mitatu.

Kwahiyo kabla ya kutupa, mulika usiku. Nyama ikiwepo, hata kama unaona mfupa kwa ndani, lipo hai: shusha mwanga na kama ni aina inayokula, mpe vikamba vidogo vya kugandishwa vilivyoyeyuka, kidogo tu mara 2 kwa wiki. Ukiona mfupa mtupu na mwani umeanza kuota juu yake, hilo limekwenda.

Sababu ya pili, isiyo ya mara nyingi, ni maji masafi kupita kiasi. Naitreti na fosfeti (virutubisho vya kwenye maji) zikiwa sifuri na mwanga ni mkali, tumbawe linapauka lote sawasawa, juu hadi chini. Pima. Kama zote zinasoma sifuri, lisha samaki zaidi kidogo na upunguze kazi ya skima (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu) kabla hujagusa kitu kingine. Ya tatu ni joto, kama maji yamepita digrii 29 basi taa inasingiziwa tu.

Zoa zimefunga, uyoga umesinyaa, tumbawe la ngozi limejikunja

Zoa ni matumbawe madogo yanayofanana na maua, na uyoga hapa ni tumbawe laini lililo bapa, sio uyoga wa kula. Hapa watu wanapaniki mapema sana. Sarcophyton, lile tumbawe la ngozi lenye umbo la uyoga mkubwa, ina tabia ya kufunga siku kadhaa, inang'aa kama imepakwa nta halafu inavua ngozi. Inafanya hivyo hata bila kubadilishiwa taa. Ielekezee mkondo wa maji kidogo ili ile ngozi itoke, uiache. Ikipita wiki mbili na nusu bado imelala, hapo sasa fuatilia mwanga.

Uyoga na zoa zinazofunga mchana lakini usiku zinafunguka, hizo zinakwambia mwanga umezidi. Shusha au zihamishie chini au pembeni, ila uhamishe mara moja tu uziache, sio kila asubuhi unazipeleka kwingine kama fanicha. Zikifunga mchana na usiku, angalia kwanza kama kuna konokono au kaa anayezitembelea, halafu chumvi, halafu alkalini (kabonati iliyomo majini).

Ukizihamisha vaa glavu na miwani ya kukinga macho. Baadhi ya zoa na ndugu zao Palythoa wana palitoksini, sumu mbaya kabisa. Usikwangue mwamba wenye zoa nje ya maji, usiumwagie maji ya moto na usiuchemshe kwa sababu yoyote ile, ule mvuke umeshawalaza watu hospitali. Ukiwa umezishika halafu ukaanza kusikia ladha ya chuma mdomoni, ganzi, kifua kubana au macho kuwaka, achana na tanki nenda hospitali na uwaambie ulichoshika.

Yamekuwa ya kahawia, au shingo zimerefuka yanatafuta taa

Hii ni kinyume cha kupauka. Mwanga ukiwa mdogo tumbawe linaongeza vimwani ili likamate kile kidogo kilichopo, na vimwani rangi yake ni kahawia. Zoa zinarefusha shingo, uyoga unatanuka kama sahani.

Mara nyingi ni wewe mwenyewe, ulishusha taa ukasahau kuipandisha. Ikifuatia ni mtawanyiko. Tyubu inamulika kwa urefu wake wote kwahiyo tanki zima lilikuwa linapata karibu sawa, LED inamulika kutoka sehemu moja: katikati kunaungua na pembeni kuna giza, na chini ya kila tawi kuna kivuli kikali. Ndo maana kwenye tanki moja unaweza ukawa na tumbawe lililopauka na lingine la kahawia, umbali wa sentimita 20 tu, na mtu anachanganyikiwa kabisa. Dawa sio kuongeza nguvu. Pandisha taa, kama ilikuwa sentimita 15 juu ya maji jaribu 25 au 30, halafu ongeza asilimia kidogo kufidia. Lenzi nyembamba zikiwa zinatoka, zitoe au weka za nyuzi 120. Tanki refu taa moja haitoshi hata iwe kali vipi, weka mbili.

Kama PAR iko sawa na bado ni kahawia basi ni naitreti na fosfeti zimepanda.

Mwani umelipuka

LED haioteshi mwani kutoka hewani. Chakula kilikuwepo tayari kwenye maji, mwanga ndo ulikuwa haujatosha kukitumia. Sasa umetosha.

Angalia kwanza ni wa aina gani. Wa kijani wa nywele: punguza chaneli nyeupe (zile LED nyeupe za taa) na masaa, ng'oa kwa mkono, na tafuta fosfeti inakotoka, kawaida ni chakula cha samaki au maji ya kujazia. Lengo zuri ni fosfeti 0.03 hadi 0.1 na naitreti 2 hadi 10, kwa miligramu kwa lita. Utando mwekundu unaobanduka kama kitambaa ni bakteria wala sio mwani, ongeza mkondo wa maji pale ulipo na uunyonye kwa mpira. Vumbi la kahawia kwenye mchanga, lifute uendelee na maisha.

Wa kuogopa ni ule wa kahawia kama kamasi, una nyuzi na vibofu vya hewa kwenye ncha, mchana umejaa asubuhi umepungua. Hizo ni dinoflajeleti, viumbe vya seli moja, na zinapenda tanki ambalo naitreti na fosfeti ni sifuri, kwahiyo ukibadilisha maji kila siku kwa hasira unazipa sherehe. Rudisha virutubisho juu kidogo, nyonya, ukiweza tafuta darubini ujue ni aina gani. Giza la siku 3 linasaidia baadhi, ila usilifanye kama matumbawe bado yamepauka. Konokono wakianza kufa ovyo au samaki wanahema juu juu, acha majaribio tafuta mtu mwenye uzoefu wa tanki za bahari aje aone, baadhi ya aina zina sumu.

Nyama inachubuka kuanzia kwenye shina

Hii inawakuta waliofanya vizuri! Mwezi wa pili au wa tatu, matumbawe yameshazoea, yanakua, halafu ghafla Acropora inaanza kuvuliwa nyama kutoka chini. Watu wanalaumu taa, na kweli taa imehusika, ila kwa njia ya kuzunguka: mwanga mzuri umeongeza kasi ya kukua, tumbawe linajenga mfupa kwa alkalini na kalsiamu, na dozi yako bado ni ile ya enzi za tyubu. Alkalini imeshuka kimyakimya.

Pima alkalini kila siku kwa siku tano saa ileile. Ikiwa inashuka, pandisha dozi, lakini usiirudishe zaidi ya dKH 1 (dKH ni kipimo cha alkalini) kwa siku, kuruka ghafla kunaua kuliko kushuka. Mahali pa kukaa ni 8 au 9 na isichezecheze, kalsiamu 400 hadi 450, magnesiamu 1,250 hadi 1,350, zote kwa miligramu kwa lita. Kama alkalini imetulia kabisa, angalia wadudu shinani kwa tochi usiku. Kama nyama inatoka kwa masaa na sio siku, kata kipande chenye afya juu ya mpaka wa ugonjwa ukipande kwingine, hutaokoa shina.

Joto na chumvi havitulii kama zamani

Tyubu na choki yake (kile kifaa cha kudhibiti umeme wa tyubu) vilikuwa vinapasha maji na wewe hujui. Ukitoa, joto linashuka digrii moja au mbili na hita ambayo ilikuwa haifanyi kazi sasa inawaka usiku kucha. Cheki hita inaweza kubeba tanki peke yake, 25 au 26 ndo pazuri. Pia wengi wakitoa taa ya zamani wanatoa na mfuniko wake, maji yanakauka haraka na chumvi inapanda. Jazia maji yasiyo na chumvi kila siku, usomaji wa kipima chumvi ukae 1.025 hadi 1.026. Na samaki wanaweza kuruka nje, weka wavu juu, hasa kama taa inawaka paff bila kupanda polepole. Weka dakika 30 za kupanda na 30 za kushuka.

Mwanga unachezacheza

Kama ni mistari ya mwanga inayotembea kwenye mchanga mithili ya bahari ya kina kifupi saa sita mchana, hiyo sio hitilafu. LED ni nukta, mawimbi ya juu yanaikunja. Zima pampu dakika moja, mistari ikisimama basi taa ni nzima, furahia.

Ikiendelea kucheza pampu ikiwa imezima: chomoa, angalia plagi na viungio vya waya kama vina chumvi iliyoganda au vimelegea. Kisha pandisha nguvu kidogo uone, draiva (kifaa kinachoipa LED umeme) nyingi za bei rahisi zinachezacheza chini ya asilimia 10. Ukiona mistari kwenye kamera ya simu tu na macho hayaoni, ni jinsi draiva inavyopunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima haraka, matumbawe hayana habari nayo. Ikicheza kwa nguvu zote na viungio ni visafi, draiva inakufa. Na usizikodolee macho LED zenyewe kwa karibu wakati unachunguza, bluu kali inaumiza macho.

Inafifia baada ya saa moja, au mstari mzima umezima

Kufifia ni joto, taa inajilinda. Feni imejaa vumbi na chumvi, au umeifungia ndani ya ule mfuniko wa zamani wa tyubu ambao hauna hewa. Chomoa, safisha feni kwa brashi kavu, toboa mfuniko au itundike nje. Mstari mzima ukizima kwa pamoja huku mingine inawaka, usishtuke kwamba zimeungua zote, zimeungwa kwa kufuatana na moja ikikatika zote zinakosa umeme. Kama taa ina garantii usiifungue.

Taima haizimi taa, au inawaka saa nane usiku

Umeme ukikatika saa ya taima inarudi nyuma, hiyo ndo ya kwanza kucheki. Ya pili watu hawaijui: draiva za LED zikiwashwa zinavuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja mdogo sana, na swichi ndogo ya ndani ya taima inaweza kujichomelea ikabaki imeshikana. Unasikia taima inafanya tik lakini taa inaendelea kuwaka. Hiyo taima nunua nyingine yenye uwezo mkubwa, isigongwegongwe. Na kama taa ina saa yake ya ndani, tumia hiyo, acha soketi iwe na umeme muda wote.

Umeweka tyubu ya LED kwenye fremu ileile na haiwaki

Tyubu za LED za kuchomeka kwenye fremu ya fluoresenti haziko sawa. Kuna zinazotaka choki ibaki, kuna zinazotaka choki itolewe na umeme uende moja kwa moja kwenye tyubu. Soma karatasi yake. Kwenye fremu za zamani za T8 (tyubu nene) zenye stata, mara nyingi tyubu inakuja na stata yake bandia na ile ya zamani lazima utoe. Ya kuunganisha moja kwa moja ukiiweka kwenye fremu yenye choki inaweza isiwake, au iwake kidogo ikaungua.

Hapa ndo pa kusimama. Kutoa choki na kubadili nyaya ni kazi ya fundi umeme, sio ya jioni moja na bisibisi, hasa kwenye fremu inayoning'inia juu ya maji ya chumvi, maana nyingine zikishabadilishwa ncha moja ya tyubu inabaki na umeme wa ukutani. Baada ya hapo fundi abandike karatasi ndani ya fremu kwamba haina choki, ili mwingine asije akaweka tyubu ya kawaida. Zile tyubu za zamani za fluoresenti zina zebaki, zitoe taratibu mbali na tanki, ikivunjika fungua madirisha, okota kwa karatasi ngumu na usitumie mashine ya kufyonza vumbi.

Unahisi kuchomachoma ukitia mkono majini, au breka inakata

Toa mkono, zima kwenye breka kuu, usichomoe plagi yenye majimaji kwa mkono. Harufu ya kuungua, plastiki iliyogeuka rangi, au cheche, ni hivyohivyo na usiwashe tena kujaribu.

Kama ni ile breka ya usalama inayokata umeme ukivuja na hujahisi chochote, chomoa vifaa vyote, pangusa, kausha soketi, halafu rudisha kimoja kimoja ukianza na pampu. Mara nyingi ni hita iliyopasuka, sio taa. Wakati upo hapo cheki waya wa taa unaning'inia chini ya usawa wa soketi kabla haujapanda, ili matone yadondoke sakafuni na sio ndani ya soketi. Ikikata taa ikiwa imechomekwa peke yake, peleka kwa fundi na umwambie ilikuwa inakaa juu ya maji ya chumvi, usipomwambia atapima draiva tu akurudishie, wakati kutu ipo kwenye skrubu ya waya wa ethi ndani ya mfuniko.